Korosho ya Pindoni

Mama alikuwa na doti moja asiyoivaa shambani,
rangi ya damu ya mzee. Pindoni
korosho zimefuatana kichwa kwa mkia
mpaka ya mwisho inamkuta wa kwanza mgongoni.
Zina maua tumboni. Zina nukta kama tetekuwanga.
Jina lake: UNGUZA UTAKAVYO MBEGU NINAYO.
"Aliyezichora hizi," mama alisema,
"hajawahi kubangua hata kilo."

Maana kwetu Madimba korosho haina ua tumboni.
Ina mafuta meusi yanayokula ngozi.
Oktoba inaanguka pamoja na bibo lake, pu!
Unainyonga shingo. Bibo wanalipora watoto,
au linafichwa mtungini, liwe uraka wa Jumamosi.
Yenyewe unaitupa kwenye debe lililotobolewa,
juu ya mafiga, halafu unarudi nyuma hatua mbili,
kwani itawaka, itatoa ulimi
kama mtoto anayemdhihaki mwalimu.
Unamwaga mchanga. Unangoja.
Unagonga moja moja kwa kipande cha nondo,
na kidole gumba ndicho kinacholipa.

Mwaka ule bomba la gesi lilipopita nyuma ya choo chetu
alikuja fundi wa kuchomelea, Elshani,
mtu wa Azabajani, mashavu mekundu kwa jua letu.
Alinunua kifuko cha mia tano,
akatafuna mbili, akaacha.
Akanyoosha kidole kwenye kiuno cha mama,
nami nikashika nondo.
"Buta," alisema. "Buta!"

Chilumba, mkalimani, akajikuna kisogo:
Anasema huo ni moto. Ulimi wa moto.
Bibi yake aliufuma kwenye zulia,
na kwao uko kwenye vikombe vya chai,
kwenye sinia, kwenye mtandio wa bi harusi,
ardhi yao nayo inawaka yenyewe, kama hapa Msimbati
mngeacha mlango wazi.

Mama alicheka hadi akakaa chini.
"Moto? Mwambie ni korosho!
Mwambie nina ekari mbili za moto huo,
na chama cha msingi hakijanilipa."

Yule bwana akachora mchangani, ncha juu:
moto.
Mama hakufuta. Alizunguka tu,
akasimama upande wa pili wa mchoro,
na ncha ikawa chini.
"Chilumba, mlete asimame hapa."

Alikwenda, akasimama. Alitazama muda mrefu,
debe nyuma yetu likitema ndimi zake,
kisha akanunua vifuko vinne.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Miaka mitatu baadaye, ofisi ya kata,
foleni ya vitambulisho tangu alfajiri.
Mama kavaa doti yake.
Kijana wa mashine alimbana gumba kwenye kioo.
Tena. Futa kwa kanga, mama. Tena.
Kioo kikawaka kijani, kikazima,
kikasema hapakuwa na mtu.
"Mama, huna alama."

Akaligeuza gumba kwenye mwanga wa dirisha.
Laini kama ganda la yai.
Misimu thelathini na moja ilikuwa imelilamba,
na hakuna aliyewahi kumuuliza.
Basi akainua pindo la kanga,
akaliweka juu ya kioo, korosho moja, katikati kabisa:
"Pokea hii. Ndiyo yangu."

Kijana hakucheka.
Nilicheka mimi.

Doti iko kwangu siku hizi, sandukuni, na karafuu kidogo.
Nikiitandaza kitandani nasimama kwanza miguuni,
halafu nahamia upande wa mto.
Pembeni, cheche ilitoboa korosho moja
palepale penye ua.
Tundu linapitisha ncha ya kidole.
Sijalitia kiraka.